Gari jekundu, gari la kijani

Sema haraka haraka: gari jekundu, kiti chekundu, mti mwekundu, miti myekundu, kuta nyekundu. Sasa geuza rangi iwe kijani: gari la kijani, kiti cha kijani, mti wa kijani, miti ya kijani. Neno lenyewe limegoma kubadilika. Kazi yote ya upatanisho imetupiwa ile -a unganifu, na kijani limekaa pembeni kama mgeni ambaye siku ya tatu imefika na bado hajapewa jembe.

Pitia maneno yote ya rangi unayoyajua kwa Kiswahili, utakuta matatu tu yanayovaa viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Mengine yote, yaani kijani, manjano, buluu, samawati, kahawia, kijivu, zambarau, waridi, chungwa, hudhurungi, urujuani, yanahitaji -a au "rangi ya" ndipo yaungane na nomino. Vitabu vya sarufi hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja vikasonga mbele, kana kwamba ni kero ndogo ya kukariri. Mimi naliona kama pete za mti uliokatwa: ukijua kuzisoma, zinakuambia neno lipi liliota kwanza.

Tazama lugha ndugu. Kiganda kina -ddugavu, -eeru na -myufu. Kikuyu kina -irũ, -erũ na -tune. Kishona kina -tema, -chena na -tsvuku. Kila mahali ni nyeusi, nyeupe, nyekundu, na kila mahali maneno hayo matatu yanabeba viambishi kwa mgongo wao wenyewe. Zaidi ya hapo lugha huanza kuchukua majina ya vitu. Kijani kwa Kiganda ni kiragala, neno lililotokana na jani la mgomba, kama letu lilivyotokana na jani. Njano ni kyenvu, kutoka ndizi mbivu. Buluu ni bbululu, na asili yake haihitaji mpelelezi.

Ukisema hiyo ni tabia ya Kibantu tu, nenda Japani. Kijapani kina vivumishi vinne vya rangi vinavyonyambulika moja kwa moja kama vivumishi vingine vya zamani: kuroi, shiroi, akai na aoi, yaani -eusi, -eupe, -ekundu, na kimoja kilichobeba buluu pamoja na kijani. Kiiroi, manjano, na chairoi, kahawia, yana neno iro, "rangi", limefichwa ndani yake. Midori, kijani, na murasaki, zambarau, ni nomino zinazoungwa na kijineno no, ambacho hufanya kazi ileile ya -a yetu. Kiswahili na Kijapani hazina ukoo wowote, lakini zote mbili zimeweka kijani upande wa wageni.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha dai kwamba mfuatano huu una mpangilio. Lugha ikiwa na maneno mawili tu ya msingi ya rangi, yatagawana giza na mwanga. La tatu huwa nyekundu. La nne na la tano ni kijani na manjano, lolote kati yake likitangulia. La sita ni buluu, la saba kahawia, kisha hufuata zambarau, waridi, chungwa na kijivu bila foleni maalumu. Jumla 11. Ili neno liitwe la msingi, waliweka masharti: liwe neno moja na si kifungu, maana yake isiwe ndani ya rangi nyingine (samawati ikiwa kwako ni aina ya buluu, imeanguka hapa), lisiwe la kitu kimoja tu kama mvi ilivyo ya nywele, na liwajie wasemaji wote kwa urahisi.

Lawama zilikuja upesi, na nyingi zilistahili. Wasemaji waliohojiwa ana kwa ana walikuwa wa lugha 20 tu, wengi wakiishi eneo la San Francisco na wakitumia Kiingereza kila siku. Kuanzia 1976 kazi ikarudiwa kwa upana zaidi: lugha 110 zisizo na mapokeo marefu ya maandishi, wastani wa wasemaji 24 kwa kila lugha, na vibao 330 vya rangi kwa kila msemaji. Mpangilio ulisimama kwa sehemu kubwa, ila ukapata matawi. Kijivu kilionekana kuwa mkaidi, kwa kuwa hujitokeza mapema mahali pengi. Hata yale "mawili tu" hayakuwa nyeusi na nyeupe kama tunavyodhani. Wadani wa New Guinea wana mili kwa rangi za giza na za ubaridi, na mola kwa rangi za mwanga na za moto. Nyekundu kwao ni mola. Hiyo ni akili ya kuona kilichowaka na kilichozima, na ukiisikia hivyo, maneno nyeusi na nyeupe huanza kuonekana finyu.

Wigo huo mpana bado umo ndani ya Kiswahili. Udongo mwekundu ukiuweka kwenye karatasi nyeupe ni kahawia inayoelekea chungwa, na ng'ombe mwekundu ni kahawia tupu. Hatukosei. Tunatumia -ekundu kwa eneo lake la zamani, kabla kahawia haijaja kumega kipande. Kadhalika -eusi hukamata mawingu ambayo ni kijivu kilichokoza, na -eupe huenda mbali zaidi ya rangi: peupe ni mahali pa wazi, na kukiwa kweupe kumekucha.

Ushahidi mwingine wa umri ni tanakali. Nyeupe pe. Nyeusi ti. Nyekundu pyu. Kila moja kati ya hizo tatu ina sauti yake ya kutilia mkazo, sauti isiyomfaa mwenzake. Hakuna anayesema nyeusi pyu. Tafuta tanakali ya kijani. Tafuta ya buluu. Utaishia "kabisa" au "sana". Tanakali haitungwi na kamati wala haiazimwi sokoni. Huzaliwa polepole kinywani mwa vizazi, na kijani hakijakaa nasi muda wa kutosha kuzaa yake.

Majina mapya hutoka wapi? Karibu kila mara, kwenye kitu. Jani, jivu, manjano, zambarau, chungwa, kahawa, ua la waridi. Samawati kutoka mbingu kwa Kiarabu. Katika hili hatuna upekee. Kituruki husema kahverengi, rangi ya kahawa, na Kiarabu bunni, kutoka punje ya buni. Wajapani hawakuangalia kahawa, wakaangalia chai: ndiyo hiyo cha iliyomo kwenye chairo. Kijivu kwao ni haiiro, rangi ya majivu, na Kiindonesia husema abu-abu, majivu vilevile. Jivu ni zuri kwa kazi hii kwa sababu kila jiko huliacha na karibu kila jiko huacha lile lile.

Hapo ndipo penye siri ya kitu kufaa kuwa jina. Lazima kiwe na rangi moja ya kutegemewa, kijulikane na wote wanaozungumza, na rangi hiyo iwe ndiyo inayokumbukwa kwanza. Embe ni tunda linalojulikana kupita zambarau, lakini halikutupa jina la rangi, maana embe ni kijani, manjano na jekundu kulingana na siku uliyolikuta. Zambarau likiiva huwa zambarau, basi.

Kisha jina hupitia hatua. Mwanzo ni mfano kamili: "rangi kama ya jivu". Halafu kifungu: "rangi ya jivu". Halafu neno linajitegemea kwa kiambishi au uradidi: kijivu, kijivujivu. Mwisho kitu chenyewe husahaulika. Penseli ya manjano haimkumbushi mtu bizari, na ukifika hapo neno limekomaa hata kama halijapewa kiambishi. Damu ya mzee, kwa nyekundu iliyokoza na kuelekea weusi, bado iko hatua ya kifungu. Kila anayeisikia kwa mara ya kwanza huiona hiyo damu. Binafsi naipenda hivyo ilivyo.

Mpaka wa kijani na buluu

Hakuna mahali lugha zinapotofautiana kwa wazi kama hapa. Kizulu kina -luhlaza kwa zote mbili, na anayetaka kutenganisha huongeza kitu: luhlaza okotshani ni ya nyasi, luhlaza okwesibhakabhaka ni ya mbingu. Kivietnam hufanya vilevile na neno xanh: xanh lá cây, ya jani la mti, na xanh da trời, ya ngozi ya anga. Japani, taa ya barabarani inayoruhusu magari kupita huitwa ao, ingawa wageni wanaiona kijani, na serikali yao hatimaye ilichagua kwa taa hizo kijani kinachoelemea buluu ili neno na taa visigombane.

Urusi imekwenda upande wa pili. Buluu yetu wao wameigawa mara mbili: siniy iliyokoza na goluboy iliyo nyepesi, na hakuna neno moja la kuzifunika. Mrusi hawezi kusema tu kwamba shati ni la buluu, lazima achague. Kiswahili kiko njiani hapa, na ndiyo sababu samawati huleta mabishano: kuna wanaoitumia kwa buluu yote, na kuna wanaoiwekea mbingu peke yake na kuacha buluu kwa bahari na wino. Ukiandika maandishi ambayo mtu atafuata, kama maelezo ya dawa au ya mtambo, usiziweke zote mbili ukurasa mmoja bila kuonyesha rangi zenyewe.

Je, asiye na neno haoni? Hapana, na inafaa kulisema hili bila kumumunya. William Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, aliandika mwaka 1858 kuhusu mashairi ya Homer, akashangaa kwamba bahari inafananishwa na mvinyo na kwamba neno khlōros linatumika kwa asali na pia kwa matawi mabichi. Akahitimisha kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na hisi changa ya rangi. Msemaji wa Kiswahili angemsaidia sana. Khlōros ni jamaa wa karibu wa -bichi yetu: kilicho na maji, ambacho hakijakauka wala kuiva. Tunaposema kijani kibichi tumeweka mambo mawili katika kifungu kimoja, jani na ubichi wake, na jiwe lililopakwa rangi hiyo litaitwa kibichi japo halina tone la maji. Gladstone alitafuta rangi tupu ndani ya neno lililokuwa limebeba unyevu.

Wahanunóo wa Ufilipino walimfundisha mtafiti Harold Conklin somo hilohilo, naye akalichapisha mwaka 1955. Maneno yao manne makuu yanagawa weusi, weupe, ukavu wenye wekundu, na ubichi wenye kijani. Kipande cha mwanzi kilichokatwa sasa hivi, chenye kung'aa kwa maji na rangi ya kahawia, huingia kwenye neno la ubichi. Anayeangalia rangi pekee ataliita kosa. Lugha yao, zaidi ya hayo, haina neno lenye maana ya "rangi", hivyo swali la "hii ni rangi gani?" haliulizwi kabisa. Sisi pia neno rangi tumeliazima; asili yake ni Kiajemi.

Kinachoonekana kwenye maabara ni kidogo kuliko kinachodaiwa mtandaoni. Jaribio la 2007 liliwapa Warusi na wasemaji wa Kiingereza vibao vya buluu na kuwataka wachague haraka kinachofanana na cha mfano. Warusi waliwahi zaidi pale vibao viwili vilipokaa pande mbili za mpaka wa siniy na goluboy. Wasemaji wa Kiingereza hawakuonyesha tofauti hiyo. Walipotakiwa kurudia tarakimu kimoyomoyo wakati wa kuchagua, faida ya Warusi ikapotea. Yaani neno lilikuwa likinong'ona pembeni, na ukiliziba mdomo jicho linabaki jicho. Ile habari inayozunguka kwamba Wahimba wa Namibia "hawaoni buluu" haikutoka kwenye utafiti uliochapishwa. Kilichopimwa kwao ni kukumbuka na kulinganisha vibao, na matokeo yalikuwa kwamba mipaka ya maneno yao matano inaathiri kumbukumbu yao, kama mipaka yetu inavyoathiri yetu.

Kazi ya neno ni kuchagua

Skrini ya kawaida inaweza kutoa rangi 16,777,216. Mazungumzo ya siku nzima humalizika kwa maneno kumi hivi. Tofauti hiyo haitushindi kwa sababu neno la rangi halifanyi kazi ya kipimo. Linamsaidia msikilizaji kuchagua kitu kimoja kati ya vilivyopo mbele yake, basi. Divai nyeupe ni ya manjano, lakini mezani iko na nyekundu tu, na -eupe inatosha kuzitenga. Mtu mweupe katika sentensi moja ni wa bara jingine, katika sentensi nyingine ni ndugu aliye mwangavu kuliko nduguze. Neno halijabadilika, waliosimama pembeni yake ndio waliobadilika.

Mwaka 2017 watafiti walirudi kwenye data ya zile lugha 110, wakiongeza Watsimane wa Bolivia, wakauliza: nikikutajia jina, utakisia kibao changu kwa urahisi gani? Katika lugha zote, rangi za moto (nyekundu, chungwa, manjano) zilipitishwa kwa usahihi zaidi kuliko za ubaridi. Maelezo yao yananiridhisha: vitu tunavyovitaja, matunda, wanyama, watu, huelemea rangi za moto, ilhali nyasi, maji na anga vinabaki kuwa pazia la nyuma. Lugha hunoa kisu upande unaokata. Kwa nini buluu huchelewa kupata jina wakati mbingu iko juu ya kila mtu? Ni nani aliyewahi kuhitaji kuchagua mbingu kati ya mbili?

Ukitaka kupima mwenyewe

Lugha yako ya nyumbani, au Kiswahili cha eneo fulani, unaweza kuipima kwa siku mbili na vifaa vichache. Anza na orodha. Chukua watu wasiopungua 20, mmoja mmoja, wasisikilizane. Mwambie kila mtu ataje rangi zote anazozijua, usizidishe dakika 5, na uandike kwa mfuatano uleule. Kisha kwa kila neno hesabu waliolitaja (F), watu wote (N), na wastani wa nafasi lilipotajwa (mP). Urmas Sutrop wa Estonia alipendekeza kipimo rahisi: F gawanya kwa N mara mP. Tuseme nyekundu imetajwa na 18 kati ya 20, kwa wastani nafasi ya 3: 18 ÷ (20 × 3) = 0.3. Hudhurungi imetajwa na 4, wastani nafasi ya 9: 4 ÷ 180 = 0.02. Pengo la namna hiyo linakuonyesha neno lililo mdomoni na neno lililo kwenye kamusi.

Baadaye, vibao. Seti kamili ya vibao 330 vya Munsell, mfumo wa kupanga rangi, ni ghali. Watafiti wengi wametumia 65 na wakaelewa kilichokuwa kikiendelea. Vikate viwe na ukubwa mmoja, sentimita 5 kwa 5 zinatosha, visiwe na mng'ao, maana kibao kinachong'aa hupata jina la mng'ao wake. Viweke juu ya kitambaa cha kijivu kisichoelemea rangi yoyote. Mwanga uwe wa mchana usio na jua la moja kwa moja, au taa ya kelvini 6500 yenye kiwango cha uonyeshaji rangi cha 90 au zaidi. Taa ya manjano ya chumbani hugeuza buluu iliyokoza kuwa nyeusi na kukuharibia mpaka wote. Simu usitumie: hubadilisha rangi zenyewe kadiri jioni inavyoingia, nawe hutajua.

Kabla ya yote mpime kila mtu upofu wa rangi kwa vibao vya Ishihara. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini karibu 8 kwa kila 100 wana kasoro ya nyekundu na kijani, wanawake nusu mtu kwa 100. Kwingineko idadi ya wanaume hushuka, lakini haifiki sifuri. Mmoja tu akipita bila kugunduliwa, utaandika lahaja ambayo haipo.

Changanya vibao, onyesha kimoja kimoja, uliza bila kutaja rangi yoyote, na andika jibu zima hata likiwa "kama majani yaliyoanza kukauka". Hapo ndipo maneno ya kesho yanapozaliwa. Usimsahihishe mtu. Rudia vibao vilevile siku nyingine. Neno linalokaa kwenye kibao kilekile mara mbili ni imara. Mwishoni vitandaze vyote, na kwa kila neno mwambie achague kile kilicho "chenyewe hasa", kisha aweke punje za mchele juu ya vyote vinavyoweza kuitwa hivyo. Utaona watu wakikubaliana kwenye kiini na kugombana kwenye mipaka. Ni kawaida.

Yanayoharibu kazi hii mara nyingi ni mawili. La kwanza ni lugha ya swali: uliza kwa lugha ya darasani, utajibiwa kwa chati ya ukutani. La pili ni letu wenyewe. Ukiuliza "rangi hii ni ipi?", jibu litakuwa nyekundu, kwa kuwa rangi iko ngeli ya I-ZI, nawe hutasikia upatanisho wowote. Kwa hiyo weka pia jiwe, kijiti na ua halisi, uulize kuhusu hivyo. Ndipo utasikia nani anasema jiwe jekundu na nani anasema jiwe nyekundu. Hilo la pili mwalimu hulipigia mstari, lakini sikiliza kilichojificha: "jiwe, rangi nyekundu". Neno rangi limeanza kumeza upatanisho hata kwa wale wazee watatu.

Kuelekeza rangi kwa maneno

Kwa anayeandika au kutafsiri, mpangilio unaofanya kazi ni huu: neno la msingi, kisha ukolevu, kisha kitu ambacho nyote wawili mmekiona. "Kijani iliyopauka, kama jani la chini lililokosa jua." Kwa ukolevu tunazo -liokoza, -liokolea, -liofifia, -liopauka, na uradidi kwa kilicho karibu tu: mekundumekundu, kijivujivu. Angalia upatanisho usimfuate mtu asiyemhusu. "Nguo ya kijani iliyokoza" humwacha msomaji na nguo iliyokoza. "Nguo ya kijani kilichokoza" haina utata. Kwa kiti geuza: "kiti cha rangi ya kijani iliyokoza". Kanuni ni kuchagua kiambishi ambacho nomino kuu haiwezi kukidai.

Usimpe mtu kazi ambayo rangi peke yake ndiyo inayoiongoza. "Bonyeza kitufe chekundu" iwe "bonyeza kitufe chekundu cha kushoto, chenye alama ya mraba". Na rangi ikiwa lazima iwe ileile, kama ya nembo au ya ukuta unaomaliziwa, achana na maneno kabisa: tumia msimbo, na uombe sampuli iangaliwe chini ya mwanga utakaotumika, kwa sababu rangi mbili zinazolingana dukani zinaweza kukataana nyumbani.

Misimbo nayo ina vituko vyake. Katika majina ya rangi yanayoeleweka na vivinjari vya intaneti, gray, kijivu, ni 128 kwa nyekundu, kijani na buluu. Darkgray, ambalo tafsiri yake ni kijivu kilichokoza, ni 169, na namba ikipanda rangi hung'aa. Kilichokoza kimekuwa cheupe kuliko kijivu chenyewe. Orodha mbili ziliunganishwa: ile iliyoleta darkgray ilikuwa na kijivu chake cha 190, ambacho kando yake 169 kweli ilikuwa imekoza. Kijivu hicho kiliachwa njiani, na jina likabaki likijilinganisha na mwenzake asiyekuwepo tena.